Jembe la Mjerumani

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo nimeacha kuwa maskini. Tajiri bado, lakini hayo ni mambo ya siku chache.

Nimerudi kutoka Tunduma na ditekta! Ile mashine ya kutafutia dhahabu, yenye sahani chini, mpini mrefu na zile spika za kuvaa masikioni. Nimeipata kwa Watson, bwana mmoja wa Nakonde anayeuza vitu vilivyotumika karibu na mpaka. Kila akimaliza kusema anaweka "mukwai", neno la adabu la kwao Zambia, nikajua huyu ni mtu wa heshima. Alisema mashine inaona dhahabu hata chini ya mwamba. Nikamuuliza mbona basi anaiacha. Akasema mgongo unamsumbua, hawezi kuinama kuokota. Jibu la mtu mkweli kabisa.

Tumebadilishana. Yeye kachukua baiskeli yangu, mimi nimechukua ditekta. Kaniongezea na buti za mgodini, zile zenye chuma kwenye vidole. Bure! Nimezivaa palepale.

Ketrina, mke wangu, aliuliza baiskeli iko wapi. Nikasema iko Tunduma. Si uongo. Akauliza kahawa itafikaje kwenye chama cha ushirika, na msimu ndio umeanza. Nikamwambia mtu mwenye dhahabu habebi kahawa. Akasema sawa, mpaka hiyo dhahabu ifike, magunia yatabebwa na kichwa changu, kwa sababu haoni kama kina kazi nyingine.

Halafu akanikumbusha kesi. Kana kwamba nimesahau! Mstari wa mwisho wa mibuni, upande wa jirani yetu Boazi. Miti ishirini na miwili. Boazi anasema mpaka unapita kwetu kidogo, kwa hiyo mstari huo ni wake. Mimi nasema mpaka unapita kwake, kwa hiyo ni wetu. Baraza la kata litakaa Ijumaa ya wiki ijayo. Mtu pekee aliye hai ambaye alikuwepo siku marehemu baba na baba yake Boazi walipopatana mpaka ni shangazi Atuganile, aliyeolewa Ileje. Kazi yangu ni kwenda kumchukua.

Nitakwenda. Siku zipo. Lakini mibuni ishirini na miwili ni nini? Nikipata mali, nanunua shamba lote la Boazi, yeye mwenyewe akiwa ndani.

Jumanne, 10 Juni

Ditekta inafanya kazi! Inafanya kazi mno!

Nimeiwasha mlangoni pa jikoni saa moja asubuhi. Ikalia. Nikachimba. Nikasogea hatua moja. Ikalia. Nikarudi. Ikalia. Kiwanja kizima kimejaa mali! Miaka yote tumelala juu ya utajiri na kula maharage.

Ni jambo linalojulikana huku kwetu Ihanda: Mjerumani alipokimbia wakati wa vita hakubeba vitu vyake. Alivizika. Rupia, dhahabu, masanduku. Wapi, hakusema. Kama angesema visingekuwa siri.

Mpaka saa sita nimepata kifuniko cha sufuria, spoku moja ya baiskeli, na kijiko alichokitafuta Ketrina tangu Pasaka. Nilimpelekea kijiko kwa furaha. Hakufurahi. Alisema nifukie lile shimo la mlangoni kabla mtu hajavunjika mguu. Shimo linafika magotini. Nimesema nitafukia kesho.

Boazi alikuwa amesimama kwenye mibuni yake, anapogoa. Kwa Boazi kila kitu kimenyooka. Mistari imenyooka, uzio umenyooka, hata mbwa wake anakaa amenyooka. Aliuliza kama nachimba choo.

Alhamisi, 12 Juni

Jana sikuandika kwa sababu ya mikono. Mashimo saba. Malengelenge kumi na moja.

Nimefikia uamuzi wa kitaalamu: ardhi ya hapa nyumbani imechoka. Dhahabu yenyewe iko Galula. Nimeondoka alfajiri, gari mpaka Mbalizi, halafu pikipiki na vumbi. Ketrina alidhani nakwenda Ileje kumchukua shangazi. Sikumwambia hivyo. Alidhani mwenyewe.

Galula! Nilipowasha tu, ililia. Wachimbaji walisimamisha kazi wakaniangalia. Nikatembea mlimani, inalia. Nikashuka korongoni, inalia. Kila nilipokwenda dhahabu ilinifuata. Nikachimba mashimo sita huku watu kumi na tano wakiwa nyuma yangu kwa heshima, wengine wameshakwenda kuleta makarai. Nikaahidi wawili kwamba nitawaajiri.

Shimo la sita lilipotoka tupu, mzee mmoja mchimbaji anaitwa Ambwene aliniomba kwa upole nivue buti.

Nikavua. Akaomba nipitishe mashine palepale. Kimya.

Akaweka sahani ya ditekta juu ya buti langu la kulia. Ikalia mpaka nikavua zile za masikioni.

Sitaki kuandika jinsi walivyocheka. Mmoja alilala chini. Ambwene peke yake hakucheka, alinipa uji na kusema hata yeye aliwahi kuchimba mwezi mzima akifuata ufunguo uliokuwa mfukoni mwake. Nadhani alinidanganya ili nijisikie vizuri. Nimejisikia vizuri.

Nimerudi peku. Buti nimezitupa uvunguni.

Jumamosi, 14 Juni

Shangazi Atuganile amefika. Mwenyewe! Amechoka kunisubiri, akapanda gari Itumba, akabadilisha huko njiani, akafika na kuku wawili na mkoba. Ketrina alikwenda kumpokea barabarani. Nilimwambia shangazi nilikuwa njiani kumfuata. Akasema ndaga, yaani asante, mwanangu, ni njia ndefu sana hiyo kama inaanzia kitandani.

Karibu aingie kwenye shimo la mlangoni. Ketrina alimdaka. Nimeahidi tena kulifukia.

Jioni wakati wa kula nilikuwa napima mashine kwa kijiko, nimevaa zile za masikioni. Kijiko kinatoa sauti nyembamba, sufuria nzito. Ni elimu hiyo. Shangazi alikuwa anamweleza Ketrina habari ndefu. Nilisikia vipande tu: marehemu kaka yake, baba yake Boazi, jembe, makaa, na kwamba yeye ndiye aliyepika siku hiyo. Wazee wanapenda kukumbuka chakula. Ketrina aliweka kijiko chini na kunitazama, akasema kitu. Nikaitikia kwa kichwa. Uma, kwa taarifa, unalia kama kijiko.

Jumatatu, 16 Juni

NIMEPATA!

Ngoja nitulie. Niandike kwa mpangilio, kwa sababu karatasi hii huenda ikawekwa makumbusho.

Saa tatu. Baridi kali. Ketrina na shangazi wamekwenda Mbozi Mission kumwona mgonjwa. Mimi na kandambili zangu (sina chuma mwilini, hata mkanda nimevua, suruali nimefunga kwa kamba) nimepita nyuma ya banda la mbuzi. Hatua nne kutoka mlango wa banda kuja nyumbani. Ikalia. Sauti nzito! Nikavua kandambili kwa uhakika. Bado inalia.

Nikachimba. Kiunoni nikakuta makaa. Makaa meusi, mengi, yamepangwa. Nani anapanga makaa chini ya ardhi kama si mtu mwenye siri? Nikaendelea kwa mikono. Chini ya makaa: chuma. Jembe! La zamani, pana, zito, limefuliwa kwa nyundo, halina mpini.

Alama ya Mjerumani. Ni wazi. Anaweka makaa ili udongo usioze, anaweka jembe ili kuonyesha hapa pamechimbwa. Mali yenyewe iko jirani.

Sasa hapa ndipo nilipotumia akili. Nilimwona Boazi ananichungulia. Nikafikiri: huyu anagombania mibuni, atashindwa kugombania mali? Kesho ataamka na kusema jembe limetoka kwake. Lazima nimfunge kwa karatasi!

Nikakimbia kwa mwenyekiti wa kitongoji, Ezron. Nikaja naye na muhuri wake. Nikamwita Boazi. Nikawapimisha hatua wote wawili: hatua nne kutoka mlango wa banda la mbuzi kuja nyumbani, ndani ya mistari miwili ya mwisho ya mibuni, ule wa kesi ukiwemo. Ezron akaandika. Nikamfanya Boazi asaini kwamba jembe limetoka mahali hapo hasa na si pengine, na kwamba hana dai lolote juu ya jembe hilo. Tukapiga na picha. Mimi na jembe katikati, Boazi kushoto, banda nyuma linaonekana vizuri.

Boazi aliliangalia jembe muda mrefu. Akaangalia makaa. Akaniuliza kama nina uhakika nataka iandikwe. Hofu hiyo! Nikamwambia iandikwe nakala tatu.

Akasaini. Mkono wake ulikuwa mzito. Nadhani ni wivu.

Jumatatu hiyohiyo, jioni

Ketrina na shangazi wamerudi. Nikawaonyesha jembe. Nimelisugua kwa majivu, linang'aa.

Shangazi alikaa chini. Akalishika. Akasema hili ni jembe la kaka yangu, nililitumia kupalilia ulezi mimi mwenyewe kabla hamjazaliwa. Akasema walilizika na makaa siku ya kupatana, wazee wakala kuku, na wakasema mpaka ni hapa lilipo jembe mpaka mwisho wa dunia. Mahali penyewe alipasahau. Ndiyo maana juzi wakati wa kula alimwomba Ketrina, na Ketrina akaniomba mimi, kwamba likionekana jembe popote lisiguswe na mtu asiambiwe mpaka familia ikae.

Nikauliza nilijibu nini.

Ketrina akasema niliitikia kwa kichwa.

Halafu akauliza lilikuwa wapi. Nikampa nakala yake. Nzuri, imepigwa muhuri. Akaisoma mpaka mwisho. Akatoka, akaenda akasimama kwenye mibuni. Mistari yote miwili ya mwisho aliipanda yeye mwaka aliozaliwa binti yetu Recho. Alibeba maji kutoka mtoni, mche mmoja mmoja, na mtoto mgongoni. Boazi alikuwa anadai mstari mmoja. Mimi nimempa miwili, na banda la mbuzi.

Niliona aibu. Aibu ya kweli. Sikuweza kumaliza ugali.

Ijumaa, 20 Juni

Baraza limekaa. Nilijiandaa hoja tisa. Sikufika ya pili.

Hoja ya kwanza: jembe ni la Mjerumani. Shangazi akasimama na kuonyesha alama ya mfua chuma kwenye shingo ya jembe, akamtaja mfua chuma, kijiji chake na watoto wake. Wajumbe wawili wakasema ni babu yao.

Halafu mjumbe mmoja akauliza kama kuna uthibitisho wa mahali lilipotoka. Ezron akasimama na nakala yake. Boazi akatoa ya kwake. Picha ikazungushwa. Mwenyekiti wa baraza akasema katika miaka yake yote hajaona mdaiwa aliyekusanya ushahidi wa upande wa pili kwa bidii namna hii.

Nikamkumbusha Boazi kwamba alisaini kutodai kitu. Akasema kweli kabisa, jembe ni langu, hana dai. Anachukua ardhi tu. Baraza zima likacheka. Ketrina hakucheka. Alikuwa anakunja ncha ya kanga na kuikunjua.

Hapo Boazi akaomba kusema. Alisema mpaka wa wazee ni mpaka na yeye anauheshimu, lakini amemwona mama Recho akibeba maji miaka ile, na kahawa ya mibuni ile haitamshuka kooni. Kwa hiyo, kama baraza linakubali, anamwachia Ketrina mistari yote miwili. Na banda. Jembe lizikwe upya nje ya mstari wa mwisho, pale anapotaka yeye, mbele ya mashahidi. Sharti ni moja: lisiguswe tena. Na iandikwe kwamba mpaka ni pale lilipo jembe, popote litakapokuwa, wakati wowote.

Ketrina alilia. Shangazi alipiga vigelegele. Wajumbe walimpa Boazi mkono.

Ananionea huruma! Boazi! Mbele ya kata nzima! Nilimpa mkono pia. Kwa vidole viwili.

Jumamosi, 21 Juni

Tumelizika. Makaa chini, jembe juu, udongo, maombi. Kuku watatu wameliwa, wote wetu. Shangazi alipika, kama siku ile. Karatasi imeandikwa, bado muhuri wa kata tu. Ketrina ametabasamu kwa mara ya kwanza tangu baiskeli iondoke. Aliniambia hataki dhahabu, anataka tu nisilisogelee lile jembe, na nifukie shimo la mlangoni. Mambo mawili. Nimeapa.

Lakini nimelala na swali. Hakuna mtu anayetoa mistari miwili ya kahawa bure. Na kwa nini Boazi alichagua mahali pale mwenyewe? Alitembea moja kwa moja, akaonyesha kwa kidole. Hapa. Hakusita. Tulichimba kina cha kiwiko tu, akasema inatosha, inatosha.

Kwa nini inatosha?

Jumapili, 22 Juni

Nimeugua tumbo asubuhi. Ketrina na shangazi wakaenda kanisani bila mimi.

Boazi anapiga tarumbeta kanisani, na ukiwa shambani unaisikia vizuri. Maadamu inalia, Boazi yuko kule. Mpango kamili! Nikatoa jembe, nikaliweka pembeni. Nikatoa makaa. Nikachimba mpaka kifuani. Nikateremsha ditekta shimoni. Kimya. Nikachimba tena. Mzizi.

Tarumbeta ikanyamaza. Mapema! Mhubiri wa leo alikuwa mgeni na kumbe ana maneno machache. Nikasikia watu barabarani. Nikarudisha makaa, nikarudisha udongo wote kwa kasi ambayo sijawahi kufanyia kazi yoyote, nikakanyaga, nikatandaza majani. Hata Boazi asingejua.

Nikageuka. Jembe lilikuwa limelala pale pale pembeni.

Sauti ya Ketrina iko uzioni. Nikakimbia nalo nyumbani. Pa kulificha hapakuwepo, ila shimo la mlangoni pa jikoni. Nikalitupa. Nikafukia, nikasawazisha, nikamwagia maji, nikashindilia. Walipoingia nilikuwa nafagia juu yake.

Ketrina alisimama. Siku kumi na mbili ameniomba nifukie shimo lile. Aliniita jina langu, Zabron, kama zamani kabla ya Recho kuzaliwa. Akasema hatimaye mume wake amejifunza. Akapika wali na kuku wa mwisho. Shangazi akasema ndaga sana.

Baadaye Ezron kapita na habari njema. Kesho watu wa kata wanakuja kuona mpaka kabla ya kugonga muhuri. Hawataki kufukua jembe, wameliheshimu, kwa hiyo wanaomba ditekta yangu ipite juu kuhakikisha lipo. Ditekta yangu! Baraza zima linaiomba! Hata Boazi kasema ni mashine nzuri. Nikakubali kabla Ezron hajamaliza sentensi.

Nilikuwa kwenye kijiko cha tatu cha wali nilipokumbuka jembe liko wapi. Na maneno ya kwenye karatasi. Mpaka ni pale lilipo jembe. Kwa maana hiyo sasa hivi Boazi ana mibuni yetu yote, banda, choo, na hata kuku, kama wangekuwa wamebaki. Sisi tuna jikoni.

Lakini sina wasiwasi hata kidogo. Nimetoa buti za Watson uvunguni na kuzipiga rangi ya viatu. Kesho nitazivaa, nitasimama juu ya mpaka, na mashine italia mpaka wazibe masikio. Mtu akisema nilipoteza siku kule Galula, asome hapa.

Watafika saa mbili. Ketrina atawapa chai kwanza, viti ameshavipanga pale mlangoni pa jikoni kwa sababu sasa pamesawazishwa. Ezron kaomba kwamba wakiwa wanakunywa, niwaonyeshe kidogo jinsi mashine inavyofanya kazi. Palepale walipokaa.

Nimemwambia hilo ni jambo dogo sana. Nimeweka betri mpya.